Ni Nzuri, Futa

Mdogo wangu alipopofuka kabisa, kitabu chake kilikuwa kimebakiza sura moja. Zile kumi na moja za mwanzo alikuwa ameziandika kwa mkono wake katika madaftari mawili ya shule yenye majalada ya kijani, herufi zikizidi kuwa kubwa kadiri macho yalivyozidi kufifia, hata kurasa za mwisho zilibeba maneno ishirini tu kila mmoja. Sura ya kumi na mbili alimtajia binti yake, binti akaandika kwenye karatasi za kawaida. Kisha akaniita mimi.

Aliniita kwa sababu mimi ndiye kaka yake na tulikuwa tumebaki wawili. Lakini aliniita pia kwa sababu nilisoma prufu, zile kurasa za majaribio zinazosahihishwa kabla ya kuchapa, katika kiwanda cha chapa kwa miaka thelathini na minne, na pale kiwandani jina langu lilikuwa Mzee Hakosei. Sikujipa. Nilipewa na wapanga herufi, mwanzoni kwa kejeli, baadaye wakaacha kucheka. Niliingia pale kama mfagizi. Nikahudhuria masomo ya jioni miaka sita, mikono ikinuka wino, na kamusi niliimaliza ukurasa kwa ukurasa kama mtu anayepalilia shamba la mwenziwe kwa kibarua. Mdogo wangu hakuvuka darasa la saba. Alipata kazi hospitalini, chumba cha maiti, akakaa huko mpaka ugonjwa wa sukari ulipomnyang'anya macho.

Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa nawaza nini siku nilipoyafungua yale madaftari.

Ilikuwa hadithi ya dunia iliyokwisha. Ugonjwa umepita, watu wamemalizika, na mhudumu mmoja wa hospitali anaendelea kusukuma kitanda cha magurudumu mtaa kwa mtaa, anaokota waliokufa na kuwapeleka shimoni, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kumwambia aache. Katika sura ya nne anakutana na mwanamke aliye hai. Wanatembea pamoja. Katika sura ya kumi na moja mwanamke naye anakufa. Hadithi ilianza hivi:

Alisukuma kitanda. Gurudumu moja lilikuwa bovu. Mtaa ulikuwa mweupe kwa vumbi. Mlango wa kwanza ulikuwa wazi. Aliingia.

Na iliendelea vivyo hivyo, mlango baada ya mlango. Nilisoma kurasa kumi nikajiona kama niliyeandaliwa mfupa usio na nyama. Nikasema moyoni, maskini, mambo ya kusema anayo, maneno hana. Nani angempa? Shule ya usiku nilikwenda mimi.

Nilikuwa na hoja yangu, na mpaka leo sijaitupa yote. Nilijiambia hivi: katika dunia ya namna ile, ambamo nyumba ni tupu, sahani ni tupu, na njia ni tupu, msomaji atashika nini mkononi kama sentensi nazo ni tupu? Mtu akifiwa hatuendi kwake tukasema amekufa, haya kwaheri. Tunakaa naye, tunazungumza, tunarefusha. Dunia ikishateketea, kitu pekee kinachobaki bila kuungua ni lugha. Kwa nini tuiteketeze kwa mikono yetu? Niliipenda hoja hiyo kiasi cha kuiandika kwenye kadi na kuibandika ukutani, juu ya taipureta.

Basi nikaanza kupiga taipu, na kila nilipopiga niliongeza. Sikupiga kwanza yake halafu yangu. Niliongeza humo humo, vidole vikikimbia. Ile sentensi ya kwanza ya maneno mawili ikawa hivi: Katika asubuhi ile iliyogubikwa na majonzi yasiyo kifani, alikisukuma kitanda chake kilicholalama mithili ya yatima, huku mtaa mzima ukiwa umejifunika vumbi jeupe kama sanda iliyofumwa na mikono ya mauti yenyewe. Nilipoimaliza niliisoma kwa sauti. Nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi, nikaisoma tena.

Kazi ilinichukua wiki tano. Kufikia sura za mwisho mkono ulikuwa umeshazoea, sikujua tena yeye anaishia wapi na mimi naanzia wapi. Sikumwambia mdogo wangu kitu. Nilitaka iwe zawadi.

Mchapishaji alikuwa mama mmoja niliyemfundisha kazi alipokuwa msichana. Sasa ana kampuni yake ndogo na mtambo mmoja. Alisoma taipu yangu akasema imejaa mno lakini ina nguvu, naye hakuwa na ujasiri wa kumkata mwalimu wake. Akapanga, akaniletea prufu, nikazisoma mara mbili, nikasaini.

Hapa ndipo ilipo desturi yetu ya zamani. Kiwandani, prufu ya mwisho ikishasainiwa, mswada wa mwandishi ulichanwa katikati na kutupwa kwenye gunia la karatasi chakavu, ili asije mtu akachanganya maandishi ya zamani na mapya. Aliyeacha mswada mezani baada ya kusaini alihesabiwa mzembe. Nimestaafu miaka kumi na moja sasa, lakini mkono haujastaafu. Siku niliyosaini niliyachukua madaftari mawili ya kijani na zile karatasi za binti, nikayachana juu ya meza ya jikoni, kwanza moja, kisha la pili, kisha karatasi. Mwokota makaratasi alipita Jumanne. Nikampa.

Jumatano mchana nilikwenda kwa mdogo wangu na bunda la prufu kwapani. Mtambo ulikuwa uwashwe Ijumaa.

Chumba chake kilikuwa na kitanda, kiti kimoja cha plastiki, ndoo yenye kifuniko, na stuli ambayo juu yake binti yake alikuwa amepanga vidonge kwa saa: vya asubuhi ndani ya kikombe cha bati, vya mchana ndani ya kifuniko cha chupa ya chai, vya jioni juu ya kisosi. Alijua kila kimoja kwa kupapasa. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kigimbi, na uso ulikuwa umevimba kwa sababu figo nazo zilikuwa zimeanza kukataa kazi. Nilimwekea bunda mapajani. Alilinyanyua, akalishusha, akalinyanyua tena, kama mtu ambaye kwa miaka mingi amekuwa akibeba vitu na kujua uzito wake.

"Kimenenepa," alisema.

Nikamwambia kimelala kwangu wiki tano, kimekula vizuri. Tulicheka wote.

Nilimsomea kama tulivyosoma kiwandani, kwa sauti moja, nikitaja kila nukta na kila mkato, maana ndivyo kazi inavyofanywa: mmoja anasoma, mwingine anafuatilia. Nilifika mwisho wa ukurasa wa kwanza. Nikasubiri asifu.

"Huyo nani?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyo anayeongea."

Nikamwambia ni kitabu chake, nimekinyoosha kidogo tu. Akauliza kidogo ni wapi na wapi. Sikuwa na jinsi ya kulijibu swali hilo ila kusema kweli, nikasema kila mahali. Binti yake alikuwa amerudi kutoka duka la dawa anakofanya kazi, amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Yeye ndiye aliyeuliza madaftari yako wapi. Nilimweleza ile desturi. Nilipokuwa naieleza nilisikia mwenyewe inavyosikika. Binti aliketi pale pale kizingitini, na tangu saa ile hakuniangalia tena.

Mdogo wangu hakupandisha sauti. Angepandisha ningejua la kufanya. Mimi ndiye mkubwa, tumeshagombana sana maishani na najua njia zake zote. Aliegemeza kichwa ukutani akaanza kunieleza kuhusu lebo.

Alisema mwaka mmoja wa ugonjwa wa mlipuko waliletewa maiti wengi kuliko meza. Kila mmoja alifungiwa kadi kwenye kidole gumba cha mguu, kadi ndogo kama kiberiti. Wengi hawakuwa na jina. Ndugu hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama uani, naye alitoka na kuwasomea kadi kwa sauti, moja baada ya nyingine, wasikilize kama yumo wa kwao. Kadi ilikuwa na mistari minne. Neno moja la bure lilikula nafasi ya neno la kweli, na la kweli likikosekana mtu alikwenda shimo la pamoja huku mama yake amesimama hatua ishirini kutoka hapo. Kuna mwanamke aliyemtambua mwanawe kwa maneno matatu: kifungo kimoja cheusi. Alikuwa amekishona yeye mwenyewe kwenye shati jeupe, siku aliyokosa kifungo cheupe.

"Sasa ningeandika majonzi yasiyo kifani," alisema, "angejuaje ni wake? Pale uani kila mtu alikuwa nayo."

Nilijaribu hoja yangu ya ukutani. Nikamwambia hii si kadi, ni kitabu. Msomaji wake hajasimama uani, yuko nyumbani ameshiba, asipoburutwa kwa maneno hatahisi chochote. Dunia imekwisha, sawa, maneno nayo yaishe?

"Mimi namwonyesha shati," alisema. "Kulia ni kazi yake."

Kisha akaniambia nikasimamishe mtambo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Nilitumaini kumkuta mama mchapishaji peke yake ofisini, lakini alikuwa chini kwenye mtambo na vijana wake sita, wote wakiwa wameliinamia gurudumu fulani lililokwama. Sikuweza kumwita pembeni. Ningemwita, wangejua kuna jambo. Nikasema pale pale, kwa sauti ya kushindana na feni, kwamba nilichosaini si kitabu cha mwandishi, ni kitabu changu, na nakiondoa. Nilieleza pia habari ya kuchana. Mmoja wao alisema kumbe hata Hakosei hukosa, mwingine akasema tarehe ya leo iandikwe ukutani. Hawakuwa wabaya. Walikuwa wakitania kama tulivyotaniana sisi. Nilicheka nao.

Mama mchapishaji hakucheka. Alikokotoa siku kwa vidole. Alisema angeweza kunipa wiki tatu. Baada ya hapo mtambo ungeingia kwenye madaftari ya shule, na madaftari ya shule hayasimamishwi kwa ajili ya mtu yeyote.

"Mwalimu, ni wiki tatu au ni mwakani," alisema.

Mwakani haikuwa lugha ya kuzungumza na mdogo wangu. Daktari alikuwa amesema wiki, hakusema ngapi. Nilirudi nikamwekea mambo mezani kama yalivyo: kitabu hiki nilichokinenepesha kichapwe kesho, na Jumatano ijayo akishike mikononi akiwa hai, au tukirudishe, sentensi kwa sentensi, kutoka kichwani mwake, kwa kuwa hakuna kwingine kilikobaki, na huenda asikishike kabisa. Nilimwambia pia kwamba watu wangekipenda hata hicho cha kwangu. Hilo sikupaswa kulisema.

Alifikiri kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe.

"Vuta kiti," alisema.

Tulifanya kazi kila mchana, saa nane hadi saa kumi na moja, nguvu zake zilipokuwa afadhali. Nilisoma prufu yangu kwa sauti, yeye akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa, na nilipofika kwenye neno lisilo lake alisema futa, nami nikapitisha kalamu nyekundu. Futa. Acha. Futa. Futa. Siku ya kwanza nilifuta mara mia mbili na kitu, nikaacha kuhesabu. Palipokuwa na sentensi yake niliyoibomoa kabisa, aliitafuta, akaitaja upya, na mara nyingi niliikumbuka alipoitaja, hata nikaona ile karatasi ya daftari na mahali ilipokuwa na doa la mafuta. Aliniuliza hizo mithili zote nilizinunua kwa jumla au rejareja. Mara moja alisinzia katikati ya ukurasa; niliposoma mauti yenye kiu isiyotulizika, alisema futa akiwa usingizini, kisha akakoroma.

Siku hizo za mwanzo sikuwa nimeshawishika. Nilikuwa nimeaibika, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kila nilipofika kwenye sentensi niliyojivunia nilipunguza mwendo, nikaisoma vizuri. Katika sura ya sita kulikuwa na moja kuhusu mvua inayonyesha juu ya mabati ya nyumba ambazo hazina tena wa kusema mvua hiyo inakuja. Niliisoma mara mbili.

"Ni nzuri," alisema.

Nikasubiri.

"Futa."

Binti yake alikuwa akirudi kazini na kutukuta. Alimwamkia baba yake, alinipa mimi shikamoo inayotolewa kwa lazima, akahesabu vidonge, akaondoa ndoo. Kuna siku alikuta baba yake anatetemeka kwa baridi jua likiwa kali. Akanifungia bunda bila kuniuliza, akaliweka sakafuni. Mdogo wangu akamwambia alirudishe. Walibishana kwa sauti ya chini juu ya kichwa changu kana kwamba sipo, binti akisema kitabu kinamla, baba akisema mwache mtu aliwe na anachokipenda. Nikafungua tena mahali tulipofika.

Sura ya kumi na moja tuliifanya Alhamisi ya wiki ya pili. Ni ile ambayo mwanamke anakufa. Mimi nilikuwa nimeipa kifo chake ukurasa mmoja na nusu, na kulikuwa na mwezi humo, na upepo uliokuwa ukinong'ona, na mikono iliyonyauka kama maua. Sauti yake siku hiyo ilikuwa imepungua, ilinibidi niiname. Futa, futa, futa. Alifuta mwezi. Alifuta upepo. Tulipomaliza, kwenye ukurasa mmoja na nusu mwekundu kama jeraha kulikuwa kumebaki hivi:

Asubuhi alimwita. Alimwita tena. Akatoa shuka.

Nilitaka kuisoma tena kwa sauti, kwa kuwa ndiyo kanuni, sehemu iliyosahihishwa husomwa upya. Nilifungua kinywa na sauti haikutoka. Mimi nilimzika mke wangu miaka tisa iliyopita, na asubuhi ile nilimwita mara mbili. Sijawahi kumweleza mtu. Mdogo wangu hakuniona, lakini alisikia nilivyonyamaza. Siku hiyo ndiyo niliyoshawishika.

Ijumaa alipelekwa hospitalini. Jumapili alfajiri alifariki. Walimpeleka kwenye kile chumba alichofanyia kazi, na mhudumu aliyempokea alimjua, akatuomba radhi kwamba hana budi kumfungia kadi. Binti aliomba aandike yeye. Sikuona aliandika nini.

Tulimzika Jumatatu. Wiki moja ilibaki, na sura moja.

Hiyo ndiyo sura aliyomtajia binti yake. Katika taipu yangu ilikuwa kurasa kumi na nne. Mtu yule amebaki peke yake. Anazunguka mitaa yote kwa mara ya mwisho, hakuna tena wa kubeba. Anaosha kitanda kwa maji ya dimbwi. Anakirudisha mpaka lango la hospitali. Analala juu yake. Ningeweza kumwuliza binti, kwani kila neno la sura ile lilipita mkononi mwake. Sikumwuliza. Tangu siku ile ya madaftari hakuwa akinitazama, na kumwendea na prufu mkononi kungekuwa kukiri kosa mara ya pili. Mara moja ilikuwa imenitosha. Isitoshe, niliamini sihitaji. Wiki mbili nzima nilikuwa nimekaa ndani ya kichwa chake. Nilijua sasa angesema futa wapi.

Nikavuta kiti kwenye meza ya jikoni, nikasoma kwa sauti, nikajiambia futa mwenyewe. Kurasa kumi na nne zikawa sita, sita zikawa tatu. Kazi ilikwenda vizuri, na lazima niseme niliifurahia. Nilikuwa mkali kuliko yeye. Nilifika mwisho, mahali mtu yule anapolala juu ya kitanda, na baada ya hapo palikuwa na sentensi moja ndefu:

Na alipofumba macho akasikia, mbali, kama zamani, milango ya maduka ikifunguliwa mmoja baada ya mwingine, watoto wakikimbilia shule viatu mkononi, maji yakimwagwa uani, na mwanamke akimwita mtu kwa jina lake, na yule mtu akiitika.

Niliisoma mara tatu. Sikukumbuka kuiandika, lakini kufikia pale nilikuwa nimeandika mamia ya namna hiyo nisizozikumbuka. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa ndefu. Kwenye kitabu kizima hapakuwa na nyingine iliyozidi maneno kumi. Nilijiambia, Hakosei, hii ndiyo yako bora kuliko zote, na kwa ajili hiyo hiyo lazima iende. Nikapitisha kalamu. Nilijisikia mtu aliyetoa kitu chake cha thamani kwa ajili ya ndugu yake, na usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Nikasaini. Mtambo uliwashwa siku ya mwisho ya zile wiki tatu, nakala mia tano, kitabu chembamba cha kutia mfukoni. Siku ya pili yake walianza madaftari ya shule.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, binti alikuja kwangu. Alikuwa hajawahi kuja tangu siku ya kizingiti. Alinipa shikamoo, safari hii akiniangalia, nikafurahi, nikamvutia kiti, nikawasha jiko la mafuta nichemshe chai. Alikuwa na kitabu. Alisema amekisoma chote, na kwamba amesikia sauti ya baba yake humo tangu ukurasa wa kwanza, hata akalazimika kukifunga mara kwa mara. Alinishukuru. Nilikuwa nimempa mgongo, natafuta vikombe, ili asinione uso.

"Lakini baba mkubwa," alisema, "sentensi ya mwisho iko wapi?"

Nikasema ipi, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua. Aliisema yote bila kitabu, kuanzia milango ya maduka hadi yule mtu kuitika, na hakukosea neno. Alisema baba yake aliitafuta kwa siku nne. Alimwandikisha, akaifuta, akamwandikisha upya, viatu mkononi vilikuja siku ya tatu. Akamwambia kwamba kitabu chote amebana pumzi kwa ajili ya hiyo moja.

Maji yalichemka. Niliyaacha yachemke.

"Nilidhani ni yangu," nilimwambia.

Hakunielewa mara moja. Kisha alielewa, na nilimwona akielewa.

"Ulidhani hawezi," alisema.

Nilizima jiko. Nikamwambia nitakwenda kwa mama mchapishaji kesho, tuchape kikaratasi, tukibandike ndani. Akasema nakala zimeshatoka, ziko madukani na mikononi mwa watu, nitawafuata nyumba kwa nyumba? Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka tu. Akakifungua kitabu chake ukurasa wa mwisho, akakigeuza kuelekea kwangu, akatoa kalamu kwenye mkoba.

Alinitajia taratibu, akitaja kila mkato, kama baba yake alivyomfundisha, na kama mimi nilivyomfundisha baba yake zamani. Niliandika. Mwandiko wangu siku hizi unatetemeka, lakini unasomeka. Alipomaliza alisubiri wino ukauke, akakifunga, akanywa chai kidogo kwa heshima, akaondoka kabla ya saa kumi.

Nakala yake ndiyo pekee iliyo kamili. Katika zile nyingine mia nne tisini na tisa, mtu yule analala juu ya kitanda langoni, na kitabu kinaishia hapo.